Kifuniko Kilichopimiwa Mwizi

Mti wenyewe ulikuwa wa mgrevilea, mnene kama kifundo cha mkono wangu, umekatwa ukaachiwa panda juu. Nilikuwa nimeuona tangu asubuhi, umeegemezwa kwenye ukuta wa tangi la samaki nyuma ya nyumba ya Mama, nikadhani ni kuni. Saa kumi jioni ndipo nilipoijua kazi yake. Nilitoka jikoni na kikombe cha chai mkononi, nikakuta kifuniko cha chuma kimeinuliwa, kimesimamishwa na ule mti, na chini yake binti yangu wa miaka minne amelala kifudifudi juu ya ukingo wa zege, kichwa na mikono yote miwili ndani ya tangi. Alikuwa anawahesabu kambale. Mama alikuwa hatua tatu kutoka pale, amenipa mgongo, anachota chakula cha samaki kwenye ndoo.

Sikupiga kelele. Si kwa sababu ya busara, sauti haikutoka. Baadaye nilishukuru kwamba haikutoka, maana mtoto akishtuka huruka, na goti lake lilikuwa shibri moja kutoka kwenye ule mti. Niliweka kikombe chini kwenye nyasi, nikatembea polepole kama mtu anayemwendea kuku wa kumkamata, nikaingiza bega langu chini ya kifuniko, nikamshika binti yangu gauni kwa nyuma nikamvuta.

“Baba, nimefika kumi na moja,” akalalamika. “Umenipoteza.”

Mama aligeuka. Alinitazama, akatazama kifuniko kilicholala begani kwangu, akatazama mti. Hakusema neno. Nami nikausikia, kwa mara ya kwanza, uzito wa kitu nilichokuwa nimekilipia.

*

Nduruma iko kwenye tambarare, ukishuka kusini mashariki kutoka jiji la Arusha. Mlima Meru unauona wote kutoka shambani kwetu asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na mto unaoipa kata jina lake unatoka huko huko mlimani. Ukifika kwetu umeshagawanywa kwenye mifereji mingi. Kinachobaki kinaingia Kikuletwa, kinakwenda hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na mwisho kabisa ni bahari ya Pangani. Sisi tunauishi mto huo kwa zamu: maji ya mfereji yana siku yake na saa yake, na mtu akilala saa yake ikipita, amekosa.

Mama alijenga tangi kwa sababu ya zamu. Mwanzoni lilikuwa la kuhifadhia maji ya bustani tu: mita 2 kwa mita 1.5, kina cha mita 1, sehemu kubwa ikiwa juu ya ardhi. Lita 3,000. Kisha akasikia kwamba kambale wanaweza kufugwa kwenye maji kama yale, na kwamba maji yao yakibadilishwa, yale machafu ni mbolea ya mchicha. Akanunua vifaranga 300.

Watu walicheka. Sisi ni Waarusha, na wazee wetu, kama ndugu zao Wamasai, hawakuwa watu wa samaki. Mzee mmoja jirani alimwuliza kama sasa ameanza kufuga nyoka. Mama alimjibu kwamba nyoka wake wanauzwa soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, na kama anataka wa kumi na mbili atampunguzia bei. Mwaka wa kwanza aliuza wote. Mzee yule alikuwa mmoja wa wateja, ingawa alimtuma mjukuu.

Kambale ni samaki anayehitaji kifuniko. Ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kama sisi, ndiyo maana ukikaa kando ya tangi utamwona akipanda juu, akifungua mdomo mpana wenye ndevu, kisha akazama tena. Usiku wa mvua hutoka. Hujirusha juu ya ukingo na kujikokota kwenye tope akitafuta maji mengine. Mama aliwahi kumkuta mmoja kwenye mfereji, hatua arobaini kutoka nyumbani, mzima kabisa. Ukiacha wanaotoka, kuna wanaoingia: kenge, nguchiro, ndege wa miguu mirefu wanaosimama ukingoni kama wakaguzi. Kwa miaka miwili kifuniko kilikuwa wavu mwepesi juu ya fremu ya mbao. Mama alikiinua kwa mkono mmoja.

Kisha wakaja wezi. Walikata wavu usiku, wakaondoka na zaidi ya nusu ya samaki, wiki tatu kabla ya kuvuliwa. Asubuhi nyayo zilionyesha walikuwa wawili.

Mama alinipigia simu Dar es Salaam kunieleza. Hakulia, lakini alirudia mara mbili hesabu ya dagaa wa kusaga alizokuwa amenunua kuwalisha. Siku hiyo hiyo nilimpigia fundi wa kuchomelea, nikamtumia fedha kwa simu, na nikamwambia maneno ambayo ninayakumbuka vizuri kwa sababu nilijiona mwanamume nilipoyasema. Nilimwambia, “Fundi, nataka kifuniko ambacho mtu mmoja hawezi kukinyanyua.”

Fundi alifanya kama alivyoambiwa. Ilikuwa Agosti. Akanitumia picha: chuma cha pembe kizito, nondo zimepangwa kama za dirisha la benki, wavu chini yake, bawaba tatu upande wa stoo, kufuli mbele. Picha ile niliwaonyesha wenzangu kazini.

Mama yangu anaishi peke yake. Ni mtu mmoja.

*

Usiku ule wa Desemba, mtoto alipolala, niliuliza kuhusu kidole. Nilikuwa nimeuona ukucha wa dole gumba la kushoto, mweusi, umeanza kung’oka. Septemba aliniambia kwenye simu kwamba ameangukiwa na jiwe.

“Jiwe gani, Mama?”

“Mwanangu, kunywa chai.”

“Ni kifuniko?”

Akaniambia. Siku za mwanzo alikuwa akimwita kijana wa jirani kila asubuhi na jioni aje kumfungulia. Kijana akachoka, kisha akapata kazi kwenye shamba la maua. Ndipo Mama akajifunza mwenyewe. Alisimama pale sebuleni akanionyesha kwa mikono mitupu, kama mtu anayeonyesha ngoma. Unachuchumaa, unaweka goti kwenye zege. Unaingiza vidole vya mikono yote miwili chini ya chuma. Unanyanyua hadi kifuani, unageuka haraka, unakilaza begani. Sasa kifuniko kiko juu ya bega la kulia, mkono wa kushoto umeshika ukingo. Kwa mguu unauvuta mti, unaunyanyua kwa mkono wa kulia, unaupachika panda chini ya chuma. Unatoka polepole. Siku ya kidole, mti uliteleza kabla hajautoa mkono wa kushoto.

“Mara mbili kwa siku?”

“Siku hizi mara moja. Nikishakifungua asubuhi nakiacha hivyo hivyo mpaka jioni. Nakifunga usiku kwa ajili ya wezi.”

Hapo ndipo niliponyamaza. Kifuniko kilichowekwa kulinda tangi kilikuwa wazi mchana kutwa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na kenge angeweza kuingia kwa miguu yake. Ila sasa juu ya uwazi ule paliningʼinia chuma juu ya mti. Ule wavu wa zamani wa mbao, kama ungemwangukia mtoto, angelia akanyamaza.

“Kwa nini hukuniambia ni kizito?”

Mama alikunja kitenge mapajani. “Ulikuwa umefurahi,” akasema.

*

Nilichukua daftari la mtoto nikaanza kupiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga Agosti. Chuma cha pembe cha milimita 50, unene wa milimita 5, kina uzito wa karibu kilo 3.8 kwa kila mita. Fremu ya kifuniko, kuizunguka, ni mita 7. Vyuma vitatu vya kukatiza, mita 4.5. Hizo ni kilo 43 na ushee. Nondo za milimita 12 zina karibu kilo 0.9 kwa mita, na pale zilikuwa mita 21: kilo 19. Ongeza wavu, bawaba, komeo. Karibu kilo 70. Ni mfuko wa saruji, na juu yake ndoo ya maji ya lita 20.

Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa na bawaba, anayenyanyua ukingo wa mbele habebi zote. Anabeba nusu, kilo 35, na jinsi kifuniko kinavyopanda ndivyo kinavyopungua, kama utasukuma kwa kukifuata kinavyozunguka. Kikifika nyuzi 60 unasukuma robo tu ya uzito wote. Kikisimama wima hubebi kitu. Kwa maneno mengine, ubaya wote uko mwanzoni, pale chini, mtu akiwa amechuchumaa, mgongo umepinda, vidole viko ndani ya mdomo wa chuma.

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, imeweka kikomo cha kilo 23 kwa mtu anayenyanyua kitu katika hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, una pa kushika, huugeuzi mwili. Kila kinapokosekana kimoja kati ya hivyo, kikomo kinashuka. Mama alikosa vyote. Alikuwa na miaka 63.

Kulikuwa na swali moja ambalo hesabu haikulijibu: kwa nini asikifungue hadi kikasimama wima, kikaegemea ukuta wa stoo? Nilitoka na tochi. Jibu lilikuwa mabati. Paa la stoo lilitokeza shibri moja na nusu kupita ukuta, na kifuniko kiligonga ncha ya bati kabla ya kufika wima. Kilikuwa kimegonga mara nyingi. Bati lilikuwa limepinda na rangi ya chuma imechubuka. Kwa hiyo kila siku kilisimama kimeinamia tangi, kikitaka kurudi. Mti ulikuwa hapo kwa sababu ya shibri moja na nusu ya bati.

Asubuhi, kabla mtoto hajaamka, nilifanya jambo ambalo Mama aliliona la kitoto. Nilikifungua, nikakiegemeza kwenye mti kama kawaida, nikaweka boga kwenye ukingo wa zege pale alipokuwa amelala binti yangu. Nikaupiga mti teke.

Mlio ulifika barabarani. Mzee jirani alitokeza kichwa juu ya ua akauliza kama gari limegonga. Boga halikupasuka vipande. Lilikatika, kama kwa panga, na nusu yake ikaanguka majini kambale wakaikimbia. Zege la ukingo lilimeguka kipande cha ukubwa wa kiganja.

Mama alisimama mlangoni na ufagio. Baada ya muda akasema, “Boga lile lilikuwa la mchana.” Kisha akaenda kukaa kwenye kigoda, na niliona ameshika magoti yake ili yasitikisike.

*

Fundi alikuja siku ya tatu na pikipiki. Alimwamkia Mama, akapewa chai na viazi, akakizunguka kifuniko akikiangalia kwa fahari ya haki. Hakuna hata kiungo kimoja kilichokuwa kimeachia.

“Bosi, ulisema mtu mmoja asikinyanyue.”

“Nilisema.”

“Sasa tatizo nini?”

Nilimweleza nilichotaka. Usiku nilikuwa nimefikiria suluhisho mbili na nilizipenda zote. Ya kwanza ilikuwa kapi: waya upite juu ya nguzo, upande wa pili uningʼinie uzito wa zege, ukishusha huu, kile kinapanda. Ya pili ilikuwa zile shokapu za gesi zinazoinua mlango wa nyuma wa Noah. Nilijua pale Unga Limited hazikosekani.

Fundi alisikiliza akitafuna kiazi. Kuhusu kapi alisema waya wa juani huota kutu kwa ndani, hauoni, na siku ukikatika utakuwa na vitu viwili vinavyoanguka badala ya kimoja. “Na huyu mtoto atabembea kwenye lile zege. Mimi ningebembea.” Kuhusu shokapu alisema zinategemea zimetoka kwenye mlango wa kilo ngapi, na za mtumba huwa zimeshaanza kupoteza gesi. Zinafanya kazi vizuri mpaka asubuhi moja zinapoacha, wala hazimwambii mtu. “Kwenye gari unaona mlango unashuka kidogo kidogo, unaweka fimbo. Utarudi kwenye mti, bosi.”

Tukakaa kimya. Mama alikuwa anaosha vikombe karibu nasi. Akasema, bila kuinua kichwa:

“Kwani mimi nikitaka kumpa mgeni sahani, ninang’oa ukuta?”

“Hujambo, mama?” fundi akasema, maana hakuelewa.

“Nawalisha kwa bakuli. Nahitaji pa kupitisha bakuli. Kifuniko chote nakihitaji siku ya kuvua na siku ya kuosha tangi. Mnikatie kidirisha.”

Fundi alinitazama. Mimi nilitazama daftari. Miezi minne, mara mbili kwa siku, alikuwa amenyanyua lango zima ili apitishe bakuli, na jibu alikuwa nalo muda wote huo. Hakuna aliyemwuliza. Mimi nilikuwa nimezungumza na fundi, na fundi alikuwa amezungumza nami, na wote wawili tulikuwa tumezungumza habari za mwizi.

*

Kazi ilichukua siku mbili, na umeme ulikatika mara tatu.

Kwanza kidirisha: sentimita 40 kwa 40, upande wa mbele ambako Mama husimama, nondo na wavu, kama kilo 4, na kufuli yake ndogo. Mkono unapita, bakuli linapita. Kichwa cha mtoto kinapita pia, hilo tulilipima, ndiyo maana chini yake tuliweka wavu wa pili wenye matundu makubwa kiasi cha chakula kudondoka.

Pili, fundi alikipasua kifuniko katikati kwa grinda, akaongeza chuma cha kufunga kila nusu. Yakawa majani mawili kama ya lango, kila moja kama kilo 38. Jumla iliongezeka, na hilo lilinisumbua mpaka nilipolikubali: kitu kizima kimekuwa kizito zaidi, na anayekifungua amekuwa na kazi nyepesi. Ukingo wa kila jani sasa ni kilo 19. Kisha fundi akachomelea kipande cha bomba mbele ya kila jani, ndani yake unachomeka mpini wa nusu mita, unaotokeza nje sentimita 30. Kwa urefu huo kilo 19 zinakuwa kama 16. La muhimu zaidi, vidole haviko tena chini ya chuma, na mtu hachuchumai. Ukuta wa tangi unafika kiunoni, mpini uko usawa wa mkono. Ukimaliza unauchomoa unaurudisha stoo, maana chuma kinachotokeza nje usawa wa uso wa mtoto ni kosa jingine.

Tatu, bati. Fundi alipanda ngazi akakata shibri mbili kwa dakika kumi. Sasa kila jani linapita wima, linalala nyuma kidogo kwenye ukuta wa stoo, na mnyororo mfupi wenye ndoano unalishika. “Kilichopita wima hakirudi chenyewe,” fundi alisema. “Kinachokuua ni kile ambacho hakijafika.” Alikuwa anazungumzia chuma.

Nilimlipa, nikamwomba radhi kwa kumwagiza vibaya. Akakataa radhi akapokea nauli. Alipokuwa anafunga mashine kwenye pikipiki, nilimwuliza kitu nilichokuwa nimekizunguka kichwani siku tatu. Uzito ule wa kwanza ungewazuia wezi?

Akacheka. “Bosi, wao walikuja wawili. Kinachowazuia ni kufuli.”

*

Siku ya kwanza ya kufungua majani yote mawili ilikuwa ya kuosha tangi, siku mbili kabla hatujarudi Dar. Mama alichukua mpini stoo. Nilisogea, akanizuia kwa kiganja.

“Kaa na mtoto.”

Nikakaa na mtoto. Alichomeka mpini, akasimama miguu imeachana kidogo, mmoja mbele, akapinda magoti badala ya mgongo, akanyanyua. Jani likapanda. Katikati ya safari alihamisha mikono kutoka kwenye mpini kwenda kwenye fremu, akasukuma badala ya kuvuta, na chuma kikalala ukutani kwa mlio mdogo. Akafunga ndoano. Akalitikisa mara mbili kuhakikisha. Akaenda kwenye la pili.

Mikono yangu ilikuwa kwenye mabega ya binti yangu, na najua niliyabana, kwa sababu aliniambia.

“Koko ana nguvu,” akasema.

“Hapana,” Mama akamjibu akifunga ndoano ya pili. “Sasa ni chepesi.”

Tulimpa mtoto kigoda akae upande wa pili wa ua, mbali na ukingo, na sheria moja: tangi likiwa wazi, yeye ni mhesabuji wa mbali. Kambale walipohamishiwa kwenye mapipa alihesabu kwa sauti mpaka akachanganyikiwa kwenye ishirini na kitu. Kisha akauliza swali ambalo kwetu huulizwa na kila mtoto wa mjini anayekuja likizo. Alikuwa amemwona kijana wa jirani akicheka, na meno yake ya kahawia, kama ya watu wengi waliokua wakinywa maji ya huku. Madini ya floraidi yanatoka kwenye miamba ya volkeno ya Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi chini ya mlima huu vinapita hapo mbali.

“Na kambale wana meno ya kahawia?”

“Mfungue mdomo umwone,” Mama akasema.

Hakutaka. Lakini alikuwa amekumbusha jambo ambalo sisi wa huku tunalijua na tunalisahau. Kitu kinaweza kuwa kinga na madhara kwa pamoja, kinategemea kipimo: floraidi kidogo huimarisha jino, ikizidi hulichubua. Tangu utotoni nimeishi na mfano huo mdomoni mwangu mwenyewe, na bado nilimwambia fundi aweke chuma cha kutosha watu wawili.

*

Mama huniambia mambo kwenye simu kwa mpangilio wake: hali ya hewa, zamu ya maji, wagonjwa, kisha samaki. Tangu Desemba ile nimeongeza swali moja mwishoni, na mwanzoni lilimchosha. Nilipotaka kumnunulia mtungi mkubwa wa gesi nilimwuliza nani ataubeba kutoka barabarani. Nilipotaka kumwekea geti jipya nilimwomba kwanza aende kwa jirani mwenye geti kama lile alifungue na kulifunga mara tatu, kisha anipigie. Alinipigia. Akasema komeo liko juu mno.

“Mita ngapi?”

“Sijui mita. Liko juu ya kilemba changu.”

Niliandika hivyo hivyo kwenye ujumbe kwa fundi: chini ya kilemba cha Mama.

Ukucha wake umeota upya, una mstari mmoja katikati. Ule mti wa mgrevilea nilitaka kuuchoma. Niliporudi Aprili nikaukuta bustanini, umechimbiwa, panda juu, umebeba mzabibu wa karakara. Nikausukuma kwa mkono kuona kama umesimama imara. Mama aliniona kupitia dirisha la jikoni akanigongea kioo.

“Huo uache,” akasema. “Huo haubebi kitu.”